Vidole Viwili Chini ya Panga

Mjomba wangu alikaa miaka ishirini na saba katika karakana ya mabasi na hakuwahi kufungua nati hata moja. Alikuwa mtunza stoo. Mafundi walikuja dirishani kwake wakitaka spana namba kumi na saba, naye akawauliza ya nini, kana kwamba wangeweza kusema ya kuchokolea meno. Kisha akaitoa, akaandika kwenye daftari, na jioni akaipokea. Kwa njia hiyo kila spana ya karakana ilipita mikononi mwake, na alipostaafu alitoka na imani kwamba kila basi lililotengenezwa pale alilitengeneza yeye.

Watu wa aina hii ni wengi, na karibu wote hawamdhuru mtu. Huishia kuwasahihisha mafundi bomba. Mjomba wangu aliamua kuunda ndege.

Nasema kuunda kwa sababu ndivyo anavyosema mwenyewe. Mbavu za mabawa zilichongwa na shemeji yake, ambaye ni seremala. Kiunzi cha bomba kilichomelewa na mchomeleaji wa mtaa wa pili. Kitambaa kilishonwa na mkewe, mkazamjomba wangu, kwa cherehani ileile aliyoshonea sare za shule za binti yake. Injini ilitoka kwenye gari dogo lililogongwa kwa nyuma, na walioifungua na kuifunga ni wengine. Kitabu cha michoro kiliandikwa Kiingereza, kwa hiyo nilikisoma mimi, ukurasa kwa ukurasa, kwa kuwa mimi ndiye msomi wa ukoo na jioni sina pa kwenda. Kazi ya mjomba ilikuwa kusimama katikati, mikono kiunoni, futi ya kuvuta imechomekwa kwenye mkanda, akisema, "Hapo sawa." Aliisema hata mahali ambapo hakuna aliyeuliza.

Mtaa ulimwita Kepteni. Mwanzoni lilikuwa jina la kejeli. Yeye akalipokea kama cheo na kuanza kuliitikia.

Kwa miaka mitatu nyumba ile haikuwa ya watu. Kiwiliwili cha ndege kilikaa bandani nyuma, na bawa la kushoto lilining'inia koridoni, ukienda bafuni sharti uiname. Chai ilinukia rangi. Mkazamjomba alianika soksi kwenye mbavu za bawa la kulia, na Kepteni alipolalamika kwamba anaharibu chombo, alijibiwa, "Kwani kinaenda wapi leo?" Hakikuwa kikienda popote.

Ndege hiyo ilikuwa na kiti kimoja, na kitabu kilisema wazi kwamba mkaaji asizidi kilo themanini. Kepteni ana mia na nne. Mtu mwingine angepunguza kula. Yeye alitafuta mkwe.

Sitanii. Binti yake, dada yangu kwa upande huo, alipomleta nyumbani kijana aliyetaka kumwoa, wazee wengine wangeuliza ukoo. Kijana huyo ni fundi wa ndege ndogo za kunyunyizia dawa mashambani, na ana leseni ya kuzirusha. Alikaa ukingoni mwa kochi, macho kwenye zulia. Kepteni alimtazama kutoka kichwani hadi miguuni, akauliza, "Una kilo ngapi?"

"Sitini na mbili, baba."

"Umepata mke," akasema Kepteni, na huo ndio ukawa mwisho wa mahojiano. Dada alidhani ni utani. Alikuja kujua kwamba siyo utani baada ya harusi, baba yake alipoanza kumwita mumewe "rubani wangu wa majaribio" mbele ya wageni.

Ilibaki rafadha tu, yaani lile panga la mbele linalozunguka na kuivuta ndege. Panga hupimwa kwa namba mbili. Ya kwanza ni urefu wake, ncha hadi ncha. Ya pili huitwa hatua: skrubu ikizungushwa mara moja kwenye ubao huingia ndani kiasi fulani, na panga nalo huiuma hewa hivyohivyo. Namba hizi huchaguliwa kwa kuangalia injini, uzito, na kimo cha magurudumu. Kepteni alizielewa kama namba za viatu: kubwa ndiyo ya mwanamume.

Seremala alikuwa amechonga panga kwa miezi minne, tabaka saba za mbao zilizogundishwa, urefu mita moja na sentimita arobaini na mbili, vilevile mchoro ulivyotaka. Alilipitisha kwenye nondo nyembamba katikati na kuliacha lilale lenyewe. Upande mmoja uliposhuka kwa unene wa ukucha, alipaka vanishi upande wa pili, mkono mmoja mwepesi, akasubiri ikauke, akapima tena. Niliwahi kumkuta amekaa analitazama tu, kikombe cha chai kimepoa pembeni. Lilikuwa limetulia usawa kama maji kwenye beseni.

Panga la pili lililetwa na kinyozi. Huyu ni rafiki mkubwa wa Kepteni, kwa maana ya kwamba humsikiliza. Alilipata kwa muuza vyuma chakavu: jeusi, linang'aa, ncha zake nyekundu, refu mita moja na themanini, limetoka kwenye mashine ambayo hakuna aliyejua ni ipi. Alilibeba begani kupitia barabara kuu, watu wakimpisha, na alifika bandani jasho linamtoka kama mtu aliyemletea mfalme pembe ya ndovu.

Yakawekwa sambamba kwenye benchi. Kepteni akayazunguka.

"Shemeji, hili lako zuri," akamwambia seremala. "Lakini fupi."

"Fupi kwa sababu ndege yenyewe fupi."

"Hilo ni mwiko wa jikoni," kinyozi akadakia. "Kepteni, unataka kupaa au unataka kukoroga?"

Kepteni alicheka, na nikajua panga limeshachaguliwa. Ana udhaifu huo: akichekeshwa huona ameshauriwa.

Walilifunga jeusi kwenye injini wakalisimamisha wima, ncha moja juu, nyingine chini. Ndege ya aina hii ina magurudumu mawili mbele na kigurudumu kidogo nyuma, kwa hiyo ikisimama mkia huwa chini na pua juu, kama mbwa aliyekaa akisubiri mfupa. Kepteni alichuchumaa, akasahau futi iliyokuwa kiunoni mwake, akapima kwa kiganja kutoka ncha ya panga hadi sakafuni.

"Shibiri moja na ushee," akatangaza. "Kitabu kinataka ngapi, mpwa wangu?"

"Shibiri moja, mjomba."

"Tumezidisha. Hapo sawa."

"Lakini kitabu kinasema tupime mkia ukiwa juu."

"Mkia utakuwa juu lini?"

"Ikikimbia. Kabla ya kupaa mkia huinuka kwanza, na pua hushuka."

Kepteni aliwageukia wenzake, mikono kiunoni. "Mnasikia? Ndege inakwenda juu, yeye anasema pua inakwenda chini. Ndiyo maana hujaolewa, mama. Unasoma kila kitu kinyume."

Kinyozi alicheka hadi akashika benchi. Sikurudia. Mimi nikikatizwa mara moja huwa nimemaliza. Seremala alilifunga panga lake kwenye blanketi, akalikumbatia kama mtoto aliyelala, akaondoka nalo. Mlangoni aligeuka akaniambia, "Wewe umesoma sawasawa." Ningefurahi zaidi kama angemwambia shemeji yake, lakini naye ni kama mimi.

Majaribio yakapangwa Jumamosi. Jumatano nilikwenda kwa dada. Alikuwa na mimba ya miezi saba, amekaa kwenye kigoda jikoni akichambua mboga, tumbo limemzuia kuifikia sufuria. Mumewe alikuwa anaosha vyombo.

"Umemwambia baba?" dada akaniuliza.

"Nimemwambia."

"Kwa sauti gani?"

"Hii hii."

"Sauti yako haimfukuzi hata paka." Akamgeukia mumewe. "Na wewe je? Wewe ndiye utakayekaa humo ndani. Panga likigonga ardhi ndege ikiwa kwenye mwendo, kinatokea nini?"

Mkwe alisuuza kikombe pole pole. "Linapasuka. Injini inang'oka au haing'oki. Ndege inapinduka au haipinduki."

"Basi mwambie."

"Nimwambie baba mkwe kwamba amekosea kupima? Mbele ya kinyozi wake?"

"Kwa hiyo utakufa kwa adabu?"

"Sitakufa." Alikipangusa kikombe, akakitundika. "Nipeni mpaka Jumamosi. Natafuta namna ya kumheshimu."

Nilimdharau, nakiri. Nilitembea kurudi nyumbani nikiwaza kwamba nchi nzima ingeweza kuzikwa na watu wanaotafuta namna ya kuwaheshimu watu kama mjomba wangu. Sikuwaza kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nimenyamazishwa kwa sentensi moja kuhusu ndoa.

Jumamosi asubuhi ndege ilivutwa na gari la mizigo hadi kwenye kiwanja cha zamani nje ya mji, ambacho siku hizi hutumiwa na watu wanaojifunza kuendesha magari. Mabawa yalifungwa hukohuko. Walikuja majirani kama thelathini. Kepteni alivaa miwani ya kuchomelea ameipandisha kwenye paji la uso, na koti la ngozi lililomkataa tumboni. Hakuwa na sababu ya kuvaa chochote kati ya hivyo, maana hakuwa yeye wa kupanda. Alipeana mikono na watu kama baba wa bwana harusi.

"Leo tunaandika historia," akasema.

"Andika na wosia," mkazamjomba akamjibu. Alikuja na stuli yake ya jikoni, akaketi mbali na watu, mkoba mapajani.

Dada alisimama kando yangu amenishika mkono, na kucha zake ziliniingia. Mkwe aliizunguka ndege mara mbili, akaligeuza panga jeusi hadi likasimama wima, kisha akamwendea Kepteni na kuinamisha kichwa.

"Baba, nina ombi."

"Sema, rubani."

"Kwetu kazini, ndege mpya haipandwi hivihivi. Mwenye ndege ndiye huuinua mkia kwanza, kwa mikono yake mwenyewe, mpaka usawa wa bega. Ni heshima yake. Mtu mdogo hawezi kuishika kabla yake."

Nimesoma kile kitabu chote, pamoja na viambatisho. Hakuna heshima kama hiyo. Mkwe aliitunga, pengine huku akiosha vikombe, na uso wake ulikuwa mtulivu kama wa mtu anayetoa salamu za rambirambi.

Kepteni alivimba. Sijui neno jingine. "Kumbe kuna utaratibu," akasema, akiwatazama majirani mmoja mmoja. Akaenda nyuma, akatema mate viganjani, akaushika mkia. Haukuwa mzito, lakini aliguna kama anainua lori, ili tusikie. Mkia ukapanda magotini, kiunoni, kifuani, na kule mbele pua ikashuka, na panga refu lenye ncha nyekundu likashuka nayo kuelekea kwenye nyasi.

"Shikilia hapo, baba," mkwe akasema. Alichuchumaa mbele, akapitisha mkono chini ya ncha ya panga. Mkono haukupita. Akakunja ngumi, akabakiza vidole viwili, akavilaza kimoja juu ya kingine. Vikapita, vikisuguana na chuma cha ncha.

"Vidole viwili, baba," akasema kwa upole.

Kila mtu alikuwa ameona. Hata mtoto mchanga angeona. Mchomeleaji alipiga mluzi. Kepteni alibaki ameushika mkia begani, koti limepanda, kitovu nje, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa ameinua kitu mwenyewe na hakujua pa kukiweka.

"Vidole viwili vinatosha," akasema hatimaye. "Kinachotakiwa ni lisiguse. Limegusa?"

"Halijagusa, baba. Lakini nikipanda, matairi yatabonyea."

"Basi wewe ndiye tatizo. Mzito."

"Kilo sitini na mbili," kinyozi akasema, akidhani anasaidia.

"Baba," dada akasema. Aliniachia mkono. "Hapandi."

Hakupaza sauti. Lakini hakuna aliyewahi kumwambia Kepteni neno hilo mbele ya watu, hata kwenye dirisha la stoo. Aliuachia mkia, ukaanguka kwa kishindo.

"Sawa," akasema. "Wanaume wamekwisha duniani. Nitapanda mwenyewe."

Mkwe alimsihi. Alimshika mikono miwili, karibu apige magoti. Seremala, aliyekuwa amesimama nyuma ya gari bila kujulikana amefika saa ngapi, alisema, "Shemeji, panga langu liko hapa garini, tunabadilisha kwa nusu saa," na hilo ndilo lililomaliza kila kitu. Afadhali afe kuliko kuruka na mwiko.

"Mwacheni," mkazamjomba akasema kutoka kwenye stuli. "Miaka ishirini na saba aligawa spana. Leo na atumie moja."

Mkwe akanong'ona, "Haitapaa, mama. Itagonga kabla." Akamsaidia Kepteni kuingia. Ilichukua muda, na kulikuwa na sauti za mshono wa koti. Matairi yakatulia chini kama mandazi yaliyokaliwa. Mkwe alimfunga mikanda, akaikaza, akaikaza tena, akaishusha ile miwani ya kuchomelea hadi kwenye macho ya baba mkwe wake. Kisha akatuhamisha sote, akatuweka nyuma kabisa ya mabawa, mbali na upande ambao vipande vingeruka. Kinyozi peke yake alitaka kubaki mbele ili aone vizuri. Akavutwa kwa kola.

Injini iliwaka. Ililia, ikahema, ikashindwa kushika kasi kwa sababu panga lilikuwa kubwa mno kwake, kisha ndege ikaanza kusogea. Hatua kumi. Ishirini. Kepteni alipunga mkono nje, na majirani wengine, Mungu awasamehe, wakapiga makofi. Kwenye hatua ya arobaini hivi mkia uliinuka taratibu, kama kuku anayetaka kuchutama, na pua ikashuka kama kitabu kilivyosema, ukurasa wa sitini na mbili, aya ya pili.

Ulikuwa mlio mmoja mkavu, kama kabati la vyombo limeangushwa. Vipande vyeusi vikaruka juu vikizunguka. Ndege ikachimba pua ardhini, ikasimama mkia hewani, ikatikisika, ikaamua kubaki hivyo.

Tulikimbia. Kepteni alikuwa ananing'inia kwenye mikanda iliyokazwa na mkwe wake, uso wake shibiri moja kutoka kwenye nyasi. Hakuwa na jeraha isipokuwa pua iliyochubuka. Alikuwa anatazama chini, ambako hakukuwa na kitu chochote, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Nani ameacha kichuguu hapa?"

Kiwanja kile ni tambarare kama meza. Watu hujifunzia kuendesha magari pale kwa sababu hiyohiyo.

Mkazamjomba ndiye aliyefika wa mwisho. Aliinama, akamtazama mumewe kwa muda mrefu, akasema, "Hapo sawa." Kisha akarudi kuchukua stuli yake.

Kwenye masimulizi ya dukani kwa kinyozi, kichuguu kimekuwa kikikua. Mara ya mwisho niliposikia, kilikuwa kimefika magotini, na ndege ilikuwa imeshaacha ardhi. Kipande cha panga chenye ncha nyekundu kimetundikwa pale juu ya kioo. Panga la seremala liko kwake, limerudi kwenye nondo yake, na halijashuka upande wowote.

Jumapili mbili baadaye tulikula pamoja. Kepteni alikuwa na plasta puani. Alikula, akafuta mdomo, akaiegemeza mikono mezani.

"Nimegundua kosa," akasema. Sote tukaacha kutafuna. Nadhani hata mkazamjomba, kwa nukta moja, alitumaini. "Magurudumu ndiyo mafupi. Tunaweka makubwa, ya pikipiki. Panga la aina ileile lipo jingine. Rubani, jiandae kwa mwezi wa tisa."

Dada aliweka kijiko chini. Mkwe, ambaye mkanda wake una tundu la ziada lililotobolewa kwa msumari ili usimdondoke, alimtazama baba mkwe wake kwa adabu zote.

"Ningependa sana, baba," akasema. "Bahati mbaya nimenenepa."

"Umenenepa?"

"Themanini na tano. Ni huyu mtoto wenu, anapika mno."

Kepteni alimtazama shingo, ambayo ungeweza kuizungushia mkono ukafunga. Akatazama mikono yake. Kumwambia anadanganya, ingebidi aende akalete mizani, na pale nyumbani mizani ilikuwa moja, na yeye mwenyewe ndiye aliyeificha, tangu ilipomwonyesha mia na nne.

"Punguza kula," akasema hatimaye.

"Ndiyo, baba."

Dada akachukua upawa, akamjazia mumewe sahani mpaka ukingoni.